Mafuta Yaliyolala

...inakunywa ya mwisho sasa, mpira wa mafuta nimeshauchomoa, kilichobaki ni kile kidogo kilichomo ndani ya kabureta, dakika tatu, nne, na kazi yangu ni kusimama tu hapa nyuma ya nyumba niitazame injini inavyovuruga maji ya pipa mpaka izime yenyewe, usiizime kwa kitufe, Raimundi, aliniambia fundi Wilfred, iache ife kwa njaa, ndiyo namna ya kuilaza upepo wa Mwera ukianza, halafu unatoa plagi, unamimina oili kidogo, unavuta kamba taratibu mara mbili tatu, unaiingiza ndani, unaisimamisha wima, unaifunika, basi, nusu saa, nusu saa tu, na mwaka jana nusu saa hiyo sikuwa nayo... Ephrasia ananisemesha, mke wa marehemu mdogo wangu, amesimama upande wa pili wa pipa, khanga kaikaza kiunoni, midomo inacheza, nami nasikia vipande, "...padre ameuliza tena... Jumamosi... shemeji, wewe ndiye mkubwa...", naitikia kwa kichwa kana kwamba nimesikia yote, Mungu anisamehe, naipenda kelele hii, ingekuwa amri yangu ingeunguruma hivi hivi mpaka Krismasi.

Nimechoka, na siyo mikono, mikono imezoea, ni hiki kitu ninachoamka nacho na kulala nacho tangu mwezi wa kumi, nakula nacho, naenda nacho kanisani, nakipigisha magoti, nakirudisha nyumbani... mwaka jana Mwera uliwahi, mitumbwi yote ikavutwa juu mchangani, na kila mwenye miguu akapanda milimani kuchuma kahawa, ndivyo tunavyofanya watu wa ziwani, ziwa likikasirika tunakwenda kuwa vibarua wa Wamatengo, nao wanatucheka, nyie Wanyasa mnachuma kahawa kama mnaparua samaki, tunacheka nao, tunakula ugali wao, na siku ile lori la Kitai liko barabarani linapiga honi, wenzangu wameshapanda, Raimundi, Raimundi, tunakuacha, na mimi nimesimama hapa hapa, pipa hili hili, injini inaunguruma hivi hivi na mpira wake haujachomolewa, nikabonyeza kitufe, ikanyamaza, nikaibeba ndani, nikaitupia kitenge, nikajisemea petroli si maziwa, haiwezi kuchacha, nikakimbia, nikalipata lori, tena nikapata na pa kukaa, nikafika Mpepai, kwenye kahawa, nikiimba... "...wewe mwenyewe unajua alivyokuwa...", najua nini, Ephrasia, ninachojua mimi hutaki kukisikia, au unataka, sijawahi kukuuliza.

Methodi, mdogo wangu, aliichukua injini mwezi wa tisa, mimi bado niko Mpepai na kikapu kiunoni, ziwa lilikuwa limetulia, wanasema iliwaka kwa mvuto mmoja, ndivyo inavyodanganya, inawaka, inakwenda, halafu ukiikaza inakohoa, na ilikohoa mbele ya miamba, Mwera wa mwisho mwisho ukaja, ule unaokuja watu wakishausahau, mtumbwi ukarudi wenyewe na injini yake mgongoni, yeye akaletwa na maji siku ya pili... na jana yake alikuwa kwenye sherehe ya kipaimara, alikunywa vikombe viwili vya pombe, kila mtu alimwona, kwa hiyo nilipotelemka kuja kuzika nilikuta hadithi imeshaiva, pombe, pombe imemmaliza, katekista akahubiri pombe juu ya jeneza, na Ephrasia amekaa mkekani kainamisha kichwa, siyo kwa msiba, kwa aibu, niliiona ile shingo, nikanyamaza, nilikuwa sina hakika bado, ndivyo nilivyojiambia, sina hakika... baada ya arobaini Wilfred akaifungua kabureta mbele yangu, ndani uji wa njano umegandamana kama utomvu, akasema mafuta yalilala humu yakaziba njia, akaniangalia, akachukua kitambaa akafuta, na mimi hakika nikawa nayo, na bado nikanyamaza, hiyo ndiyo dhambi yenyewe, ile ya lori ni haraka ya mpumbavu, hii nimeifanya kila siku kwa akili zangu timamu.

Inaanza kukohoa, hapana, bado, nauchukua mpira naurudisha mahali pake, ni mara ya tatu hii leo, nikiulizwa nitasema nasafisha kabureta vizuri, inapata nguvu, inaunguruma, Ephrasia anapandisha sauti na sasa namsikia, laiti nisingemsikia, "Shemeji, simjengei mtu msalaba aliyejiua kwa kikombe! Waambie wenzako! Kaburi libaki na kile kijiti chake!" ...mwaka unakaribia, kila kaburi pale lina msalaba wa saruji na jina, ukoo unakusanyika, misa inasomwa, wali unaliwa, msiba unavuliwa, na Methodi ana kijiti, mchwa wameshaanza, na aliyemnyima msalaba siyo huyu mwanamke, anamchukia mlevi niliyemtengenezea mimi, mlevi ambaye hakuwahi kuwepo, miezi yote hii analala na hasira ya mtu asiyekuwepo, na mume wake wa kweli yuko kule chini hana hata wa kumlilia vizuri... mdogo wangu, uliyekuwa unaniita Kaka mpaka una mvi... nilidhani najificha mimi, kumbe nimekuficha wewe.

Nauchomoa mpira, nautupa mbali, kwenye mihogo, mkono wangu hautaufikia tena, funda la mwisho la mafuta limebaki ndani, injini inaunguruma kama haijui, nianze na lipi, nianze na lori, hapana, lori ni kujitetea, nianze na kitufe, hapana, hicho ni changu, kitakuja, ataniuliza, atanilaani, atachukua watoto arudi kijijini kwao Ruanda, haki yake, nimechoka kuliko ninavyoogopa, nianze na yeye, "Shemeji, Methodi hakulewa," nasema, kelele inayameza maneno, Ephrasia anakunja uso, anazunguka pipa anakuja upande wangu, anatega sikio, "Unasemaje?", nami navuta pumzi niliseme tena kwa sauti yangu yote, na majirani wasikie.