Seva Zilizofundishwa Adabu

Anayebisha akaulize redioni kwetu, nilikofunga vipaza sauti mpaka nikastaafu.

Kanda zote zilikuwa zimehamishiwa kwenye seva, zile kompyuta za kuhifadhia; kila rekodi imekatwa vipande na kutawanywa vyumba mbalimbali. Shemeji yangu, mtaalamu wa kompyuta aliyekuwa bado kwenye muda wa majaribio, akaunganisha programu zote kwa amri sanifu zilezile: fungua, soma, andika, funga. Programu haikuwa na haja ya kujua kipande kipi kimelala wapi. Inaamuru tu, rekodi inakuja nzima.

Mkurugenzi akataka aoneshwe. Akakuta programu ya matangazo imeandika FUNGUA, na mbele yake jina la hotuba yake. Akavimba.

"Inaniamrisha mimi? Hata hodi hakuna?"

"Mzee, ni mashine kwa mashine."

"Basi zifundishe adabu. Zisipoamkiana, sahau kuthibitishwa kazini!"

Shemeji akaandika alivyoagizwa: kila ombi lianze na shikamoo, na seva isitoe kitu kabla ya marahaba. Balaa likaanza. Seva zikaanza kutazamana umri! Ile kuukuu ya stoo ikanuna ikisubiri kuamkiwa. Mbili zilizonunuliwa siku moja zikagoma, kila moja ikijiona ndiyo dada mkubwa. Nilizisikia kwa masikio yangu haya zikihema kwa hasira, feni zao zikipeperusha mapazia. Na programu ya kusikilizia redio kwenye simu, iliyotengenezwa na watu wa nje, haikujua shikamoo ni nini. Ikafukuzwa kama mwizi wa kuku.

Ikafika sherehe ya redio. Wageni wamejaa ukumbini, hotuba ya Mkurugenzi inasubiriwa hewani. Kimya. Mtangazaji akakohoa mpaka kikohozi kikawa kipindi.

Mkurugenzi akaingia mbio chumba cha mitambo tulimokuwa mimi na shemeji, tai begani.

"Mwanangu, hotuba yangu!"

"Inasubiri marahaba, mzee. Seva ya stoo bado imenuna."

"Ondoa hizo salamu!"

"Si ndiyo adabu uliyoagiza?"

"Adabu gani mbele ya wageni? Fungua! Soma! Upesi!"

Amri za awali zilikuwa tayari kwenye skrini. Kidole cha shemeji kikaning'inia juu ya kitufe.

"Na kuthibitishwa kwangu, mzee?"

Karatasi haikuwepo. Mkurugenzi akabandua bango la sherehe ukutani, akaandika nyuma yake, mgongo wangu ukiwa meza. Alipotia sahihi, kidole kikashuka.

Hotuba ikaruka hewani nzima nzima, ikisifu nidhamu ya mitambo yetu. Shemeji hakuisikiliza, alikuwa anasoma bango.