Shirleen Aliosha Kibuyu kwa Sabuni

Mimi Nasieku sijawahi kupiga mtu, lakini siku ile Shirleen aliponea chupuchupu.

Mume wangu, mzee Sankale, alikuwa amevimba ini. Daktari kule Kajiado akamkataza pombe na mafuta, akampa dawa, kisha akasema maziwa tunayochachisha kwa kibuyu aendelee nayo. Eti ndani kuna bakteria wazuri ambao huenda wakatuliza ule uvimbe, ingawa wataalamu bado wanachunguza. Sankale alikuwa amekataa chakula mwezi mzima. Ni hayo maziwa tu, vikombe viwili nimbembeleze kama mtoto. Niliogopa kumzika, nisiwadanganye.

Basi Shirleen, bibi ya kijana wetu, akaja kutoka Kitengela kutusalimia. Msichana wa heshima, lakini mikono haitulii. Nilitoka kuangalia mbuzi, kurudi nikapata kibuyu changu kimeanikwa juani kinanukia ndimu.

"Mum, kilikuwa cheusi ndani! Nimekisugua na sabuni mara tatu," akasema, anatabasamu.

Woi! Ule weusi ni makaa ya oloirien, mti tunaochoma kusafishia kibuyu. Bakteria wa miaka thelathini, wote wameogeshwa wakafa! Nilipiga kelele mpaka ng'ombe wakageuka. Shirleen akaanza kulia, akauliza kama tunaweza kununua wengine kwa chemist.

Nikaomba maziwa kwa jirani, Sankale akayatema. Siku mbili hakuonja kitu. Ikabaki Nalotuesha, dada ya Sankale, ambaye hatukuwa tunaongea naye tangu aseme mbele ya wageni kwamba maziwa yangu ni maji ya kuoshea vyombo.

Nilimkuta sokoni Bisil, amezungukwa na wanawake wenzake. Nikamsalimia, nikamweleza shida yangu.

"Sema kwanza maziwa yangu yanashinda yako."

"Yanashinda."

"Kwa sauti! Wale wanaouza mbuzi hawajasikia."

Nikapaza sauti. Soko zima likacheka. Haki, nilitamani ardhi inimeze.

Lakini nilirudi nyumbani na kibuyu kimejaa maziwa ya Nalotuesha. Sankale akaonja, akafunga macho, akamaliza kikombe.

"Nasieku, tumekaa miaka thelathini, leo ndiyo umejua kutengeneza maziwa."

Shirleen akakimbilia nje kuficha kicheko. Mimi nilikuwa na maneno mdomoni, tena mengi. Lakini mzee alikuwa ameninyooshea kikombe.

"Ongeza," akasema.

Mwezi mzima sikuwa nimesikia hilo neno. Nikayameza maneno yangu yote, nikamwongezea.