Bingwa wa Sahani Safi

Naandika haya kwa nyinyi wenye watoto chuoni, na naandika hasira zikiwa bado za moto, maana zikipoa nitaanza kuwaonea haya wasomi, ninyamaze. Mimi niliishia darasa la saba. Lakini mtoto nimemzaa mwenyewe.

Binti yangu yuko mwaka wa kwanza. Muhula ulipoanza alinipigia simu kwa furaha: "Mama, huku hata kula tunafundishwa!" Mhadhiri mmoja alikuwa ameanzisha somo ndani ya bwalo la chakula. Somo lenyewe zuri, sikatai. Aliwaeleza mchele unavyokunywa maji shambani, ardhi inavyochoka, chakula kinachotupwa kinavyooza na kuchafua hewa. Kisha akaweka mizani mlangoni, juu yake ndoo. Kila mwanafunzi anamwaga makombo yake, msaidizi wa mhadhiri anaandika. Ijumaa majina yanabandikwa ubaoni: aliyebakiza kidogo juu, aliyebakiza sana chini, kwa kalamu nyekundu.

Wiki ya kwanza binti yangu akawa wa mwisho. Maharage yanamsumbua tumbo tangu mdogo, na wapakuaji hawaulizi, wanamwaga tu. Wenzake wakampachika jina, Jalala.

"Jalala, leo umelisha nguruwe wangapi?"

"Mpisheni Jalala, ndoo inamngoja!"

Alinisimulia huku anacheka, nami, mjinga mimi, nikacheka. Nikamwambia, "Basi mwanangu, pakua kidogo."

Akapakua kidogo. Kisha kidogo zaidi. Mwezi wa pili akanitumia picha ya ubao, jina lake juu kabisa. Nikazunguka nayo kwa majirani, kichwa juu.

Siku ya wazazi nilifika mchana. Msichana aliyenijia getini sikumtambua mpaka alipotoa sauti: "Shikamoo mama." Amekonda kama ng'onda, shingo imebaki mishipa.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Twende bwaloni, mhadhiri anakusubiri. Mimi ndiye bingwa!"

Mhadhiri akanipa mkono mbele za watu. "Hongera mama, umelea. Wiki tano mfululizo, sifuri!"

"Sifuri ya nini, mwalimu?"

"Makombo. Hajabakiza hata punje."

Mpishi mkuu, mtu mzima, akadakia kutoka nyuma ya masufuria: "Atabakiza nini na hachukui? Anapita na sahani tupu, anairudisha tupu. Nimemwambia msaidizi wako mara mbili. Kanijibu sahani safi ni safi."

 Mhadhiri akapekua karatasi zake.

"Kwa kweli mama, sisi tunapima kinachobaki. Kinachochukuliwa... hatukukifikiria."

Hatukukifikiria! Watu wenye vyeti ukuta mzima! Nikaiondoa ndoo, nikamshika binti yangu mkono, nikampandisha juu ya mizani. "Haya, andika na hiki! Hiki ndicho mlichonibakizia!"

Kilo thelathini na nane. Aliondoka kwangu na hamsini na moja, kadi ya zahanati ninayo.

Mhadhiri hakuandika. Aliomba radhi, akaibandua orodha ubaoni siku hiyohiyo, akasema somo litaendelea bila majina. Liendelee. Lakini binti yangu alishuka pale akilia, akaniambia, "Mama, umeniaibisha kuliko wao." Hapo nilikosea, na nimemwambia hivyo. Na lile neno langu la kwenye simu, pakua kidogo, linanichoma mpaka leo.

Nimemrudisha nyumbani. Daktari anasema tumbo limesinyaa, alishwe kidogo kidogo, asilazimishwe. Nyinyi wenzangu, mkipiga simu, msiishie kwenye masomo na maksi. Ulizeni amekula nini leo, asubuhi nini, mchana nini. Akijibu "nimeshiba" tu, nendeni mkamwone kwa macho yenu.

Jana alikunywa uji vijiko vinne. Akasukuma bakuli, akanitazama usoni kwa woga, kama mwizi. "Nimebakiza, mama."

"Bakiza, mwanangu."

Hakuamini. Basi nikalichukua lile bakuli, mimi ambaye tangu nizaliwe sijatupa hata ukoko, nikatoka nalo uani, nikaumwaga uji wote chini, yeye akinitazama dirishani.