Kadi ya Meli Iliyotoka Benghazi

Katika jumba lile la mashambani Uingereza, kazi yetu ilikuwa kufumbua ujumbe wa siri wa wanamaji wa Italia. Mimi, Winifred, nilitafsiri. Muriel Tapsell, wa meza ya pili, aliiandikia kila meli kadi yake. Mumewe, Clement, mwanajeshi, alikuwa ametekwa na adui Libya Juni ile ya 1942.

Jumatatu moja ya Agosti nilitafsiri ujumbe kuhusu meli ya mizigo: inatoka Benghazi saa ngapi, inapita wapi. Jumatano asubuhi tukaambiwa nyambizi yetu imeizamisha. Tukashangilia.

"Umewapata, shoga!" Muriel alinipiga bega. "Leo chai natia sukari yangu yote ya wiki."

Chai haijapoa, nikaletewa ujumbe mwingine. Waitalia walikuwa wanaomba boti za uokoaji. Nikatafsiri mpaka nikafika pale: mateka Waingereza mia tatu, wamefungiwa ndani ya ghala la meli. Kambi walikotolewa ilitajwa. Ilikuwa ya Clement.

Nikakimbilia kwa mkuu wetu, Bwana Pargeter. "Tulijua?"

Alitazama dirishani. "Tulijua jana mchana."

"Na nyambizi haikuambiwa?"

"Tukiacha kila meli yenye mateka ipite, watagundua tunawasoma. Rudi kazini, binti."

Nilirudi, nikaisukumiza karatasi chini ya kamusi.

"Lete nijaze kadi," Muriel akasema.

"Hii niachie mimi."

"Winnie, una nini wewe? Umekuwa mweupe kama chaki." Akaichomoa.

Ilikuwa mistari minne tu, lakini aliisoma muda mrefu sana. Hakulia. Aliandika jina la meli, tarehe, imezama, mateka mia tatu, kwa mwandiko wake uleule mzuri. Kisha akainamia ndoo ya takataka, akatapika.

Tulikuwa tumeapa kutomwambia mtu. Kwa hiyo kila Jumapili Muriel alikula kwa mama mkwe wake, akimtazama anavyomfumia Clement soksi.

"Atazipenda hizi, mwanangu."

"Atazipenda, mama."

Taarifa ya kifo ilifika Novemba. Mama mkwe alimkumbatia, naye Muriel akapiga yowe, kama mtu aliyepata habari dakika ileile.

"Nilidhani itabidi niigize," aliniambia. "Sikuigiza, Winnie."

Aliendelea na zile kadi mpaka vita vilipokwisha. Pargeter hakuwahi kumwita hata mara moja ampe pole.