Mgongo wa Célestine

Kabla ya kutoka, Bonaventure alipiga goti mlangoni akamfunga mkewe kamba za viatu, maana mgongo wa Célestine haukunjiki tena. Uliharibiwa na kitanda cha gereza ambacho Célestine hakuwahi kukilalia. Kisha wakavaa makoti, wakashuka taratibu hadi kituo cha Tumba, huku ugenini, kupanda treni ya mjini, kwani walikuwa wameitwa ofisini.

Mambo yalianza hivi. Bonaventure alipofungwa kwa wizi ambao hakuufanya, kina mama wa kikundi cha maombi walikusanyika kwa Célestine, wakafunga na kuomba. Kwao Bukavu mtu hutaja jambo lenyewe anapoomba, Mungu asije akasingizia kutoelewa. Wengine walimwombea mfungwa subira. Célestine aliomba maumivu yote ya mumewe yamjie yeye, mpaka atakaporudi nyumbani. Dua la kuku halimpati mwewe, lakini hili lilifika siku hiyo hiyo.

Tangu hapo Bonaventure hakuumwa hata mafua. Alilala kwenye godoro jembamba, akaamka mwepesi. Kila akipiga simu alijisifu: "Mimi ni chuma, Mama Christelle." Upande wa pili Célestine alikuwa amejibandika barafu shavuni, meno ambayo yangemng'oka mumewe gerezani yakimng'oka yeye. Alijibu kwamba anamshukuru Mungu, na kweli alimshukuru.

Miaka ikapita, mwizi wa kweli akapatikana, Bonaventure akaachiwa.

Ofisi waliyoitwa ilisimamia mpango wa matibabu kwa waliofungwa bila hatia: meno, mgongo, usingizi, vyote bure. Aliyewapokea ni Rebecka, binti aliyezaliwa hukuhuku na wazazi wa Mwanza. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza.

"Baba, daktari wa gereza anasema hukuugua kamwe."

"Ni kweli," alisema Bonaventure. "Ameugua huyu."

Rebecka alimtazama Célestine, akaona vidole viwili vya mkono wa kulia vimepinda. "Pole, mama. Na huo mkono?"

"Nilikuwa nasonga bugali, muchana. Mukono ikavunjika yenyewe, mwiko ikaanguka."

Bonaventure alikuwa ameambiwa ni mlango wa basi. Aliutazama mkono wake mwenyewe, mzima, laini. Siku rufaa yake ilipokataliwa aliupiga ukuta wa seli kwa ngumi. Hakusikia kitu. Basi akapiga tena, na tena, kwa kuwa hakuumia, mpaka askari wakaja kumshika. 

"Hayo hutokea," alisema Rebecka. "Juzi alikuja mama mmoja, aliyefungwa ni mwanawe. Lakini mpango ni wa aliyefungwa, na wewe, mama, hukufungwa. Nasikitika sana."

Alisikitika kweli, macho yake yalionyesha. Célestine alimwambia haina neno, akamuuliza kama wazazi wake hawajambo.

Matibabu akapewa Bonaventure, kwa kuwa ni haki yake. Kila Alhamisi huenda kliniki iliyoko Flemingsberg, hulala kifudifudi, na mtaalamu wa viungo humkanda mgongo usio na ila. Bonaventure humwomba akaze mikono. Anajua dua lile liliisha muda wake siku aliyorudi nyumbani. Tangu hapo akijikata kisu, huumia mwenyewe. Lakini anawaza kwamba njia iliyopitisha maumivu miaka yote ile huenda imebaki wazi kidogo, na nafuu ikapenya. Saa hizo Célestine hukaa jikoni kwenye kiti kigumu, viatu miguuni, akingoja.

Alhamisi iliyopita alirudi akamkuta hapo hapo.

"Umesikia kitu?"

"Kidogo," alisema Célestine. "Hapa chini. Tumushukuru Mungu."

Bonaventure aliijua sauti ile. Ndiyo iliyokuwa ikimjibu kwenye simu, naye akaiamini miaka yote, mjinga wa watu.

Alipiga goti kumfungua viatu. Mgongo wake mwenyewe ulimuuma kwa kukandwa bila sababu, lakini hakuguna.

"Alhamisi nitamwambia akaze zaidi," alisema.

"Mwambie, Papa Christelle," alisema mkewe, akamnyooshea mguu wa pili.