Salamu za Ng'ambo ya Kijito

Mama na Mama Mkubwa hawakuwa na habari ya kupigiana simu. Vocha ya nini, na mapafu wanayo? Nyumba yetu ilikuwa ukingo huu wa kijito, ya Mama Mkubwa ukingo wa pili, na kila asubuhi, hata kabla ya kunawa uso, Mama alifungua mlango wa jikoni akapaza sauti: "Dada! Umelalaje?" Nani anaumwa, nani kachumbiwa, nani kafeli mtihani, yote yalipita pale juu ya maji. Siri za ukoo wetu kambale walizijua kabla ya wajomba. Tuliona aibu sana, mimi na mtoto wa Mama Mkubwa, aliyerithi koo lile hadi akaitwa Kipaza. Leo ningetoa chochote niione tena aibu ile.

Kijito kilikuwa mpaka wa miji miwili. Tulipokua, mimi niliajiriwa kuchora ramani katika halmashauri ya upande wetu, Kipaza akawa diwani ng'ambo. Kijito nacho kilikuwa kinakabwa. Huku mtu kajenga gereji, kule mwingine kamwaga kifusi apate kiwanja. Ukiwauliza wakubwa wetu, walisema wachafuzi ni wa ng'ambo, waanze wao. Wa ng'ambo nao walisema hivyo hivyo. Nyani haoni kundule. Mimi nilikuwa na hofu yangu ambayo haikuingia kwenye ripoti yoyote: ukisimama ukuta mmoja tu mrefu pale, Mama hatamsikia tena dada yake.

Basi tukawaburuza, mimi huku, Kipaza kule, mpaka kamati mbili zikakaa meza moja. Zilianza kwa kubishania nani alete maji ya kunywa. Mwishowe zikakubaliana: mita thelathini kila ukingo ziachwe wazi, ziwe nyasi, miti na njia ya miguu, basi. Atakayekutwa ndani ya mstari atalipwa fidia ahame. Kazi ya kuuchora mstari nikapewa mimi.

Nilijua tangu mwanzo utapita wapi, ila kujua na kuona kwa macho ni mambo mawili. Nyumba yetu ilibaki ndani yote, pamoja na jiko. Ng'ambo nako Mama Mkubwa hakusalimika.

Kipaza akaja ofisini, akafunga mlango. "Dada, upinde kidogo tu. Hapa na hapa. Nani ataona?"

"Mwenye gereji ataona."

"Hawa ni mama zetu!"

"Yeye hana mama? Nikiupinda kwa wetu, kesho kila mtu atakuja na wake, na huu mstari utabaki kamba ya kuanikia nguo."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Aliitazama ramani, akafuta macho, akaondoka bila kuaga.

Mama alinisikiliza huku akikunja nguo. "Nikihama, dada nitamwamkia wapi?" Akaongeza nguo nyingine juu ya rundo. "Basi aanze yeye kuhama, ndiye mkubwa."

Nikavuka kwa Mama Mkubwa. "Aanze mdogo," akasema. "Mimi nitaondokaje nimwache peke yake?"

Nikajiona nimerudi kwenye kikao cha halmashauri.

Tuliwahamisha wote wawili siku ileile, tukawaweka nyumba moja nyuma ya soko, tukajipongeza. Kumbe fahali wawili zizi moja! Wiki haijaisha wamenuniana: mara redio, mara dirisha, mara nani kamaliza sabuni. Nyumba ikawa kimya, na kimya kile kiliniuma kuliko kubomolewa kwa jiko letu. Nilianza kudhani nimekiokoa kijito nikawapoteza wao.

Asubuhi moja nikakuta nyumba tupu. Nikakimbia mpaka kijitoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jikoni, kilichosahauliwa na wabomoaji. Mama Mkubwa amevuka daraja la miguu, yuko upande wake, juu ya kigoda.

"Dada! Umelalaje?"

"Vibaya! Kuna mtu nakaa naye, anakoroma huyo!"

"Pole! Wangu mimi anafungulia redio alfajiri!"

"Mvumilie tu! Ni uzee!"

Nilicheka mpaka nikalia. Wakawa wanakwenda hivyo kila asubuhi, na kurudi wameshikana mikono, hadi Mama alipofariki.

Mama Mkubwa akaacha kwenda. Hatukumlazimisha. Juzi asubuhi jirani akanipigia ofisini kwamba amemwona akivuka daraja na kigoda chake. Nilitoka na kalamu sikioni. Nyasi zilikuwa zimenifika magotini, na hapakuwa na ukuta huku wala kule. Yeye alikuwa amekaa mahali pake, anatazama kizingiti. Nikaenda nikakaa pale kizingitini. Aliniona, akangoja, na mimi nikakumbuka kwamba tangu zamani mwenye kuanza alikuwa Mama.

"Dada," nikasema, "umelalaje?"

"Sisikii! Mwenye mahali hapo hakuwa anaongea kama mgonjwa!"

Nikasimama. Nikavuta pumzi, nikapaza sauti mpaka ndege wakaruka mitini. "Dada! Umelalaje?"

Akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Vibaya!" akajibu. "Siku hizi hakuna anayekoroma!"