Gogo la Chini ya Behewa

Majirani, msichukue kuni relini. Reli yetu fupi ya kiwandani ilikufa kiwanda kilipofungwa, ila mabehewa mawili yalibaki juu mteremkoni. Breki zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo marehemu mume wangu, mpanga mabehewa, aliyazuia kwa magogo chini ya magurudumu.

Jana binti yangu alikuwa akianika nguo kwenye kamba aliyoifunga behewani, mwanawe kamlaza kwenye kivuli cha behewa, katikati ya reli. Nikaona gogo moja halipo.

“Mtoe mtoto!”

“Mama nawe kwa hofu! Reli si imekufa?”

“Reli imekufa, mteremko haujafa!”

Akamnyakua huku akinicheka. Behewa likalia kwiii, likateremka na kamba, nguo na mkeka wa mtoto.

Gogo nililikuta jikoni kwake, limepasuliwa. Ndilo lililompikia mtoto uji. Sikumgombeza binti yangu, alikuwa bado kamkumbatia mwanawe.

Behewa la pili bado liko juu.